Gamma isiyokamilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mwaka hapa Lubumbashi, kutoka kwa wanafunzi wa takwimu, wahandisi wa migodi na wale wanaochambua data za mvua. Wengi hukutana na funksheni hii kwenye silabasi ya Kifaransa, mistari miwili tu, kisha wanaambiwa wafungue jedwali. Mistari miwili haitoshi. Katika majibu yote mtaona tunasisitiza jambo moja: kosa kubwa katika hesabu hizi halitoki kwenye kanuni, linatoka katika kutoa namba mbili zinazokaribiana. Na karibu kila mara ipo njia ya kujumlisha badala ya kutoa.

Majibu yamepewa namba ili tuweze kuelekeza kutoka swali moja hadi lingine. Isipokuwa tukisema vinginevyo, a ni namba chanya na x si hasi.

## Misingi

1. Gamma isiyokamilika ni nini hasa?

Funksheni ya gamma ya kawaida, Γ(a), ni integrali ya t^(a−1)·e^(−t) kuanzia 0 hadi mwisho usio na kikomo. Ukiikata integrali hiyo mahali panapoitwa x, unapata vipande viwili. Kipande cha kushoto, kuanzia 0 hadi x, ni gamma ya chini, γ(a, x). Kipande cha kulia, kuanzia x na kuendelea, ni gamma ya juu, Γ(a, x). Ukivijumlisha unarudi pale pale:

γ(a, x) + Γ(a, x) = Γ(a)

2. Kwa nini vitabu vingine vinaandika P na Q?

Kwa sababu katika kazi halisi tunachotaka ni sehemu ya jumla, si kipande chenyewe. P(a, x) = γ(a, x) / Γ(a), na Q(a, x) = Γ(a, x) / Γ(a). Zote mbili ziko kati ya 0 na 1, na P + Q = 1. Tunashauri kwa moyo wote: fanya kazi na P na Q tangu mwanzo, urudi kwenye γ na Γ mwishoni tu ikiwa ni lazima. Sababu mojawapo iko kwenye swali la 13.

3. Mimi ni mhandisi. Itanisaidia nini?

Chukua pampu inayotoa maji mgodini, yenye pampu mbili za akiba. Moja ikifa, inayofuata inawashwa. Tuseme kila pampu huishi wastani wa miezi 5 na muda wake wa kuishi ni wa kielezi (kwa Kifaransa, exponentielle), yaani uchakavu hauhesabiwi. Je, kuna uwezekano gani kwamba baada ya miezi 10 bado ipo pampu inayofanya kazi? Pampu ni tatu, hivyo a = 3; muda ni mara mbili ya wastani, hivyo x = 10/5 = 2. Jibu ni Q(3, 2) = 0.677. Nafasi ya mgodi kubaki bila pampu yoyote ni P(3, 2) = 0.323, na mhandisi makini hawezi kulala na namba hiyo.

Mwanafunzi wa takwimu anaikuta katika jaribio la khi-deux (χ²): uwezekano wa kupata thamani kubwa kuliko x kwa digrii k za uhuru ni Q(k/2, x/2). Ile 3.841 mnayoikariri kwa digrii moja na kiwango cha 5% ni suluhisho la Q(1/2, x/2) = 0.05. Kwenye mvua, rejea swali la 18.

4. Nani waliishughulikia kwanza?

Adrien-Marie Legendre aliichunguza mwanzoni mwa karne ya 19, na sehemu-mnyororo ya swali la 9 inabeba jina lake. Friedrich Prym aliigawa gamma katika vipande hivi viwili katika kazi yake ya mwaka 1877. Mwaka 1922 Karl Pearson alitoa majedwali yake makubwa mjini London, na kwa miongo mingi hayo ndiyo yaliyotumiwa na wanatakwimu. Leo hakuna haja ya jedwali, ila haja ya kujua kompyuta inafanya nini ndani ingalipo.

## Sifa zinazotumika kila siku

5. Nikijua thamani kwa a, nitapataje ya a + 1?

Kwa kuintegrisha kwa sehemu:

Γ(a+1, x) = a·Γ(a, x) + x^a·e^(−x)
γ(a+1, x) = a·γ(a, x) − x^a·e^(−x)

Tazama alama. Ya juu ina jumlisha, ya chini ina toa, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Kupanda kutoka a hadi a + 1 kwa gamma ya juu ni salama, kwa sababu kila kitu ni chanya na kinajumlishwa. Kupanda vivyo hivyo kwa gamma ya chini, hasa a ikishapita x, kunakula tarakimu moja baada ya nyingine hadi jibu linabaki takataka, na kompyuta haitakuonya. Kwa gamma ya chini, teremka: anza na a kubwa, kisha

γ(a, x) = (γ(a+1, x) + x^a·e^(−x)) / a

Sasa ni jumlisha tupu. Usawa ni ule ule, mwelekeo tu umegeuka.

6. Kama a ni namba kamili, kuna njia ya mkato?

Ipo, na inatosha karatasi na kalamu. Kwa n = 1, 2, 3…

Q(n, x) = e^(−x) · (1 + x + x²/2! + … + x^(n−1)/(n−1)!)

Kwa pampu zetu: e^(−2) ni 0.135335, mabano ni 1 + 2 + 2 = 5, na zao ni 0.676676. Aliyesoma mgawanyo wa Poisson ataona ni kitu kile kile: uwezekano wa kupata matukio chini ya n wakati wastani ni x. Kusema «pampu ya tatu haijafa» na kusema «vifo havijafika vitatu» ni kauli moja.

7. Ina uhusiano gani na funksheni nyingine?

Ukiweka a = 1 unapata P(1, x) = 1 − e^(−x). Ukiweka a = 1/2 unaingia kwenye mgawanyo wa kawaida wa Gauss: P(1/2, x²) = erf(x), inayoitwa funksheni ya makosa. Ukiweka a = 0 katika gamma ya juu unapata integrali ya kielezi: Γ(0, x) = E₁(x). Derivativu kwa x ni rahisi kuliko zote: ya γ ni x^(a−1)·e^(−x), na ya Γ ni hiyo hiyo yenye alama ya kutoa.

8. Je, P(a, a) ni nusu?

Karibu, si kamili. Huwa juu ya nusu kidogo, takriban 1/2 + 1/(3·√(2πa)). Kwa a = 1 kadirio hili linatoa 0.633, na thamani ya kweli ni 0.632. Mahali ambapo P inafika nusu kamili ni karibu na x = a − 1/3; kwa a = 3 ni 2.674. Inafaa kukumbuka kadirio hili, kwa sababu linakuwezesha kukagua jibu la kompyuta kichwani kabla ya kuliamini.

## Namna ya kukokotoa

9. Nitumie kanuni gani?

Zipo mbili kuu, na kila moja ina eneo lake.

Kama x ni ndogo kuliko a + 1, tumia mfululizo:

γ(a, x) = x^a·e^(−x) · [1/a + x/(a(a+1)) + x²/(a(a+1)(a+2)) + …]

Kila neno ni lile lililotangulia likizidishwa kwa x/(a+n). Maneno yote ni chanya. Kwa a = 3 na x = 2 mabano yanakwenda 0.3333, 0.5000, 0.5667, 0.5889, 0.5952, 0.5968… na kutulia kwenye 0.59726. Ukizidisha kwa 8·e^(−2) = 1.08268 unapata 0.64665, na ukigawanya kwa Γ(3) = 2 unapata 0.3233, sawa na swali la 3.

Kama x ni kubwa kuliko hapo, tumia sehemu-mnyororo, yaani sehemu iliyo ndani ya sehemu:

Γ(a, x) = x^a·e^(−x) / (x+1−a − 1(1−a)/(x+3−a − 2(2−a)/(x+5−a − …)))

Jaribu a = 1/2, x = 4. Kizidisho cha mbele ni 2·e^(−4) = 0.0366313. Ukikata mnyororo kwenye hatua ya kwanza unapata 0.0081403, ya pili, 0.0082819, ya tatu, 0.0082901, ya nne, 0.0082909. Jibu la kweli ni 0.0082911. Hatua nne za mkono kwa usahihi huo! Ndiyo maana tunaipenda.

10. Sehemu-mnyororo huanzia chini au juu?

Kwa mkono, anzia chini: amua unakata wapi, kisha panda. Kwa kompyuta hujui mapema ukate wapi, kwa hiyo hutumika mbinu ya Lentz ya mwaka 1976, ambayo huanzia juu na kusahihisha jibu kwa kulizidisha kila hatua. Toleo lililorekebishwa linazuia kugawanya kwa sifuri: kigawanyo kikiangukia sifuri, kinabadilishwa na namba ndogo mno kama 10^(−30), na hesabu inaendelea.

11. Nimeona mfululizo mwingine, wenye alama zinazopishana. Je, ni mbaya?

Ni huu: γ(a, x) = x^a/a − x^(a+1)/(a+1) + x^(a+2)/(2!(a+2)) − … Ni sahihi kihisabati kwa kila x, na unafaa sana x ikiwa chini ya 1. Kwa x kubwa ni hatari. Kwa a = 1 na x = 20 neno kubwa zaidi linafika milioni 43, wakati jibu ni karibu 1. Namba za kawaida za kompyuta zina tarakimu 16 hivi; karibu 8 zinapotea katika kuondoana tu. Mfululizo wa swali la 9 hauna shida hiyo.

12. Nina P tayari. Si nifanye tu Q = 1 − P?

Ikiwa Q si ndogo, fanya. Ikiwa Q ni ndogo, usifanye kamwe. Q(1, 50) ni e^(−50), karibu 1.9 × 10^(−22). P(1, 50) kwenye kompyuta ni 1 kamili, kwa hiyo 1 − P inakupa 0. Aliyepima usalama wa bwawa la maji ya mgodi na kuandika «uwezekano wa kuvunjika: 0» ametoa taarifa ya uongo bila kujua.

Kanuni yetu ni moja: kokotoa moja kwa moja ile iliyo ndogo kati ya P na Q, kisha ipate kubwa kwa kutoa. Kugawa maeneo kwa x = a + 1 kunafuata wazo hilo hilo, maana kwa swali la 8, chini ya hapo P huwa ndogo na juu yake Q huwa ndogo. Si mara zote, lakini. Swali la 17 linaonyesha pale inapovunjika.

13. Programu yangu inaanguka a ikipita 171. Kwa nini?

Kwa sababu unakokotoa Γ(a) yenyewe. Γ(171) ni faktoriali ya 170, karibu 7.26 × 10^306, bado inaingia. Γ(172) inazidi 1.8 × 10^308, ambao ni ukomo wa namba za biti 64. Suluhisho ni kutumia logi ya gamma na kufungua kielezi mwisho kabisa:

```
from math import exp, log, lgamma

def P_mfululizo(a, x):
    if x == 0:
        return 0.0
    neno = jumla = 1.0 / a
    n = 0
    while neno > jumla * 1e-16:
        n += 1
        neno *= x / (a + n)
        jumla += neno
    return jumla * exp(a*log(x) - x - lgamma(a))
```

P_mfululizo(3, 2) inarudisha 0.3233236. Kumbuka ni kwa x chini ya a + 1 tu.

14. Kwa a ya milioni moja bado inafaa?

Inafanya kazi, kwa shida mbili. Ya kwanza ni mwendo: x ikiwa karibu na a, idadi ya maneno inakua kama kipeuo cha pili cha a, yaani maelfu. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani: a·log(x), x na lgamma(a) zote ni mamilioni, na tofauti yao ni ndogo, kwa hiyo tarakimu zinapotea ndani ya kielezi kabla hujafika popote.

Hapa ndipo kazi ya Nico Temme ya mwaka 1979 inapookoa. Weka λ = x/a, tafuta η yenye alama sawa na λ − 1 ambapo η²/2 = λ − 1 − ln λ, na

Q(a, x) ≈ ½·erfc(η·√(a/2)) + kisahihisho, ambapo erfc = 1 − erf

Kisahihisho ni mfululizo unaopungua haraka kadiri a inavyokua. Uzuri wake ni kwamba unafaa kushoto, kulia na katikati kwa pamoja, pale hasa ambapo njia zile mbili zinachoka. Maktaba nzuri za programu zinautumia. Ukiwa karibu na λ = 1, usikokotoe λ − 1 − ln λ kama ilivyoandikwa, maana ni kutoa kulekule; tumia log1p (funksheni inayokokotoa ln(1 + u) bila kupoteza tarakimu u ikiwa ndogo) au mfululizo wa Taylor.

15. Ninajua uwezekano, nataka x. Nifanyeje?

Anza na kadirio la Wilson na Hilferty, 1931: x ≈ a·(1 − 1/(9a) + z/(3√a))³, ambapo z ni kwantili ya mgawanyo wa kawaida, yaani thamani ambayo uwezekano wa kutoizidi ni P. Kwa a = 3 na P = 0.95, z ni 1.645 na kadirio ni 6.284. Jibu la kweli ni 6.296. Kisha sahihisha kwa njia ya Newton, kwa kuwa derivativu unayo tayari (swali la 7); mara mbili au tatu zinatosha. P ikiwa ndogo mno, anza na x ≈ (P·Γ(a+1))^(1/a) badala yake.

## Programu na kompyuta

16. Kwa nini programu mbili zinanipa majibu tofauti?

Karibu kila mara kwa sababu zinaita vitu tofauti kwa jina moja. SciPy ya Python: gammainc(a, x) ni P na gammaincc(a, x) ni Q. MATLAB: gammainc(x, a) ni P pia, ila x inatangulia. Mathematica: Gamma[a, x] ni gamma ya juu isiyogawanywa kwa Γ(a). Maktaba ya GSL: gsl_sf_gamma_inc ni ya juu isiyogawanywa, na zile zenye P au Q mwishoni ndizo uwiano. R: pgamma(x, a) ni P, na ukiongeza lower.tail=FALSE unapata Q iliyokokotolewa moja kwa moja.

Kabla ya kazi yoyote, jaribu a = 3 na x = 2. Ukipata 0.3233 ni P, 0.6767 ni Q, 0.6466 ni γ, 1.3534 ni Γ ya juu. Ukipata kitu kingine, huenda umegeuza mpangilio.

Wenye Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za huku: LOI.GAMMA.N(2;3;1;VRAI) inatoa P. Tumia nukta-mkato kati ya vipengele na mkato kwa desimali. Excel haina mkia wa kulia wa gamma, lakini LOI.KHIDEUX.DROITE(2x;2a) inatoa Q bila kutoa kutoka 1, mradi 2a iwe namba kamili. Isipokuwa kamili, Excel inakata desimali kimyakimya na kukupa jibu la swali ambalo hukuuliza.

## Kesi za pembeni

17. Na a ikiwa karibu na sifuri?

Hapa kanuni ya x < a + 1 inakudanganya. Chukua a = 10^(−10) na x = 0.5. Kanuni inakutuma kwenye mfululizo wa P, lakini P ni karibu 1 kabisa, na Q ni takriban a·E₁(0.5), yaani 5.6 × 10^(−11). Ukifanya 1 − P, tarakimu kama 10 kati ya 16 zimekwenda. Walter Gautschi alilishughulikia jambo hili mwaka 1979 kwa kupanga upya hesabu ili kutoa kufanyike kwenye karatasi, si kwenye mashine. Kama a zako ni ndogo, usiandike programu mwenyewe. Tumia maktaba inayolijua tatizo hili.

18. Data zangu za mvua zina miezi ya sifuri. Gamma inakataa. Nifanye nini?

Swali hili tunaulizwa sana, na kwa Lubumbashi haliwezi kukwepeka: Juni, Julai na Agosti karibu hakuna mvua kabisa. Mgawanyo wa gamma, ule ambao uwezekano wa kutozidi x ni P(a, x/β), β ikiwa kipimo cha mizani, hauna nafasi ya sifuri. Katika kielezo cha ukame SPI, kilichopendekezwa na McKee na wenzake mwaka 1993, data hugawanywa: q ni sehemu ya miaka isiyo na mvua mwezi huo, na uwezekano wa kupata mvua isiyozidi kiasi x ni

H(x) = q + (1 − q)·P(a, x/β)

ambapo a na β zimekadiriwa kwa miaka yenye mvua tu. Kisha H inageuzwa kuwa z ya mgawanyo wa kawaida, kama ile ya swali la 15.

Kwa Januari hakuna shida. Kwa Julai, tuseme q = 0.9: mwezi usio na tone moja unapata H = 0.9, na z yake ni +1.28, yaani kielezo kinatangaza «mvua nyingi» juu ya vumbi. Wengine huweka sifuri zote katikati ya fungu lao, H = q/2 = 0.45, z ikawa −0.13, yaani hali ya kawaida. Hiyo ni kweli zaidi: Julai kavu hapa ni kawaida. Lakini ushauri wetu kwa anayetaka kuwaambia wakulima jambo la maana ni kuacha mwezi mmoja mmoja wa kiangazi, akajumlisha mvua ya Novemba hadi Aprili na kuupimia msimu mzima. Hapo sifuri hazipo, na gamma inafanya kazi yake.

19. Je, a inaweza kuwa hasi?

Gamma ya chini inakataa a = 0, −1, −2 na kuendelea. Gamma ya juu inakubali a yoyote, mradi x iwe kubwa kuliko sifuri, kwa sababu kasoro ya t^(a−1) iko kwenye sifuri na sisi tumeanzia mbali nayo. Geuza kanuni ya swali la 5. Kwa mfano Γ(0, 1) = 0.219384, na Γ(−1, 1) = e^(−1) − 0.219384 = 0.148496. Uwiano Q hauna faida hapa, na gammaincc ya SciPy haipokei a hasi; kwa Γ ya juu yenyewe, mpmath, maktaba nyingine ya Python, inapokea.

20. Na x ikiwa namba changamano?

Tatizo ni x^a, ambayo ina matawi mengi. Francesco Tricomi aliiondoa kwa kufafanua γ*(a, x) = x^(−a)·P(a, x), ambayo ni laini kila mahali, kwa a na kwa x. Kokotoa γ* kwanza, kisha zidisha kwa x^a ukiwa umechagua tawi mwenyewe. Sehemu-mnyororo ya swali la 9 bado inafaa mbali na mhimili hasi; ukiukaribia inakwenda polepole mno, na juu ya mhimili wenyewe usiitumie, rudi kwenye mfululizo.